Tusiikate miti kwa ajili ya nyasi: kivuli kina maua yake

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya bustani iliyochapishwa katika gazeti lako majuma mawili yaliyopita, ambamo mwandishi aliwashauri wenye nyumba ambao nyasi zao hufa chini ya miti wachague moja kati ya mambo matatu: wapunguze matawi hadi jua lipenye, waung'oe mti wenyewe, au watandaze vigae vya saruji. Ninamheshimu mwandishi huyo, na ninaamini kwamba aliandika kwa nia njema, kwa maana swali alilolijibu ni la kweli na linawasumbua wengi. Hata hivyo aliiacha njia ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kutajwa kwanza, nayo ni kupanda chini ya mti ile mimea yetu wenyewe ya maua ambayo haikuumbiwa jua kali, kwa sababu makao yake tangu asili ni sakafu ya msitu. Naomba nafasi niieleze njia hiyo, kwa kuwa nimeifuata kwa miaka kumi na moja katika ua wangu hapa Jinja.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba ninayoishi ilijengwa na marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na mbele yake upo mwembe alioupanda mwenyewe, ambao leo kivuli chake kinafunika karibu nusu ya ua. Chini yake hapakuota kitu. Mama alipafagia kila alfajiri, kama walivyofanya akina mama wote wa mtaa ule, na ua mweupe wenye alama za ufagio ulikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Desturi hiyo siidharau hata kidogo, kwa sababu ua uliofagiwa ni mahali pa kuanika mahindi, pa watoto kucheza na pa mgeni kuwekewa kiti. Lakini ufagio wa miaka arobaini ulikuwa umeondoka na udongo kidogo kidogo, hata mizizi ya mwembe ikabaki juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na kila mvua kubwa ilipokwisha tulikuta mfereji mpya kutoka kwenye shina hadi langoni.

Watu wengi hudhani kwamba mti huukinga udongo kikamilifu dhidi ya mvua. Huukinga kwa kiasi, lakini maji yanayojikusanya juu ya majani huungana na kuwa matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na matone hayo yakidondoka kutoka tawi la juu huupiga udongo mtupu kwa nguvu. Msituni tone kama hilo halifiki udongoni moja kwa moja, kwa kuwa hupokewa na kichaka, kisha na mmea mdogo, kisha na majani makavu yaliyotapakaa chini. Katika ua uliofagiwa hakuna wa kulipokea. Udongo hugandamana, maji hushindwa kupenya, na yale ambayo yangeunywesha mti hukimbilia barabarani yakiwa mekundu. Kwa mji kama wetu, ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria pale Mto Nile unapoanza safari yake, udongo huo hauna mwendo mrefu kabla ya kuingia majini. Vigae vya saruji navyo haviponyi jambo hili, kwa sababu huyaharakisha maji yaleyale na kuinyima mizizi hata kile kidogo ilichokuwa ikikipata.

Kuhusu nyasi sitasema mengi. Ile paspalamu inayouzwa kwa vipande kando ya barabara ni mmea wa mahali pa wazi, na chini ya mwembe, mfenesi au mparachichi wenye majani mazito, nuru inayofika ardhini ni sehemu ndogo tu ya ile iliyo juu, wakati mizizi ya mti iliyo karibu na uso wa ardhi huyawahi maji kabla ya nyasi. Mwenye nyumba huziona zikififia, akazikata fupi zaidi akidhani anazipa nguvu, na kumbe anaziondolea yale majani machache zilizokuwa zikiyatumia kuinasa nuru hiyo haba. Nilinunua paspalamu mara mbili, na mara mbili ilikufa.

Kosa langu kubwa zaidi lilifuata baada ya hapo. Muuzaji mmoja wa miche aliniuzia mmea unaotambaa, wenye majani ya kung'aa na maua ya manjano mithili ya alizeti ndogo, akaniambia kwamba ni wa hapa hapa na kwamba hautanisumbua. Ulikuwa ni ule ambao wengi huuita wedelia, na ambao jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata. Asili yake ni Amerika ya joto, na wataalamu wa uhifadhi wameuweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani, orodha ileile yenye lantana na gugu maji, ambalo wavuvi wa ziwa hili hawahitaji kusimuliwa. Kwa mwaka mmoja nilifurahi, kwa sababu ardhi ilifunikwa yote. Mwaka wa pili ulivuka ua, ukaingia kwa jirani, ukateremka kwenye mtaro na kuziba kijito kidogo kilicho nyuma yetu. Kuuondoa kulinichukua misimu miwili ya mvua, kwani kila kipande chenye kifundo kilichoanguka kwenye udongo wenye unyevu kilitoa mizizi upya. Ninalisimulia hili kwa sababu mmea huo bado unauzwa kwa wingi katika miji yetu, na anayeununua haambiwi anachokibeba kwenda nacho nyumbani.

Ndipo siku moja, nikisafiri kwa basi kwenda Kampala, tulisimama kwa sababu ya ubovu wa gari katikati ya Msitu wa Mabira, nami nikapata nafasi ya kuangalia chini ya miti badala ya kuiangalia miti. Palikuwa na giza kuliko chini ya mwembe wangu, na bado ardhi ilikuwa imefunikwa, na ndani ya ule ukijani yalikuwapo maua meupe, ya zambarau na ya waridi. Hakuna aliyeyanyeshea maji wala kuyawekea mbolea. Nilijiuliza kwa nini nimekuwa nikilazimisha mmea wa jua uishi kivulini, ilhali nchi hii imejaa mimea ambayo kivuli ndicho nyumba yake.

Kundi ninalolipenda kuliko yote ni lile la Impatiens. Jina hilo la Kilatini maana yake ni isiyo na subira, na kila mtoto aliyewahi kulibinya ganda lake la mbegu lililokomaa anajua sababu: ganda hupasuka ghafla na mbegu huruka pande zote. Mashina yake ni laini na yenye maji mengi, maua yake yana mkia mwembamba uliopinda kwa nyuma ambamo utomvu mtamu huhifadhiwa, na hustawi penye kivuli, unyevu na udongo wenye mboji. Uganda ina spishi kadhaa za asili. Katika nyanda za juu za Kigezi iko Impatiens burtonii, yenye maua mepesi ya rangi nyeupe inayoelekea waridi, ambayo huota kando ya vijito na njia za msituni. Katika misitu ya magharibi iko Impatiens niamniamensis, ambayo huchipuza maua yake moja kwa moja kwenye shina, mekundu na ya manjano, yaliyopinda kama mdomo wa kasuku. Hiyo huchavushwa na ndege aina ya chozi, na mtu akiwa nayo karibu na dirisha hahitaji kununua picha ya ukutani. Huwa ndefu kidogo, kwa hiyo mimi huipanda nyuma, karibu na shina la mti, na zile fupi huzitanguliza mbele.

Wasomaji wa Kiswahili watapenda pia kujua kwamba ndugu mmoja wa ukoo huu, ambaye asili yake ni Kenya, Tanzania na nchi zilizo kusini yake, ndiye ua la kivulini lililopata umaarufu mkubwa katika bustani za Ulaya na Marekani. Lilipelekwa Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo wataalamu hulihesabu kuwa ni Impatiens walleriana. Miche yake huuzwa huku kwetu, na wauzaji wengi humwambia mteja kwamba ni ua la Kizungu. Linaniuma jambo hilo. Ua lililotoka Afrika Mashariki likaenda ng'ambo, likazalishwa huko, nasi tunalipokea kama mgeni.

Historia ya ua hilo ina somo la kazi pia. Kwa kuwa wenzetu walilipanda peke yake kwa wingi, ugonjwa wa ukungu uliolishambulia uliweza kuenea upesi. Uligunduliwa Uingereza mwaka 2003, na mwaka 2011 na 2012 ukaangamiza mashamba ya maua katika majimbo mengi ya Marekani. Kwa sababu hiyo sishauri mtu ajaze ua mzima kwa mmea mmoja, hata uwe mzuri namna gani. Sakafu ya msitu haina safu moja ya mmea mmoja, nasi tukiiga tuige vizuri.

Mmea wa pili ni Asystasia gangetica, ambao ndugu zetu wa pwani huuita mtikini na hula majani yake kama mboga. Hutambaa, hutoa mizizi kwenye vifundo, na maua yake ni meupe yenye doa la zambarau ndani ya koo. Nyuki huupenda sana, na viwavi vya baadhi ya vipepeo hula majani yake, jambo ambalo kwangu ni sifa wala si kasoro, ingawa najua wapo wasiovumilia jani lenye tundu. Nasisitiza hapa jambo moja kwa uaminifu. Mmea huuhuu katika mashamba ya michikichi ya Malaysia ni gugu linalochukiwa, kama wedelia inavyostahili kuchukiwa hapa. Tofauti ni kwamba kwetu wako wadudu wanaoula, na magonjwa yake, na majirani zake wa asili wanaoubana, ilhali kule uliingia peke yake. Hata hapa hukua haraka, kwa hiyo mimi huupunguza kwa mkono mwishoni mwa kila msimu wa mvua, na majani ninayoyakata hupewa mbuzi wa jirani.

Tatu ni kongwa, ambalo kwa Kiganda huitwa ennanda. Najua mkulima atakayesoma hapa atashangaa, kwa sababu amelipiga jembe maisha yake yote katika shamba la migomba. Anayo haki. Lile kongwa la maua ya buluu liitwalo Commelina benghalensis lina hila ya pekee: mbali na maua tunayoyaona juu, hutoa maua mengine chini ya udongo, ambayo hayafunguki kamwe na bado huzaa mbegu, ndiyo maana ukiling'oa leo hulikuta tena kesho kutwa. Hilo silipandi wala simshauri mtu alipande karibu na shamba. Ninalolipanda ni jamaa yake, Commelina africana, lenye maua madogo ya manjano ambayo hufunguka asubuhi na kufumba kabla jua halijawa kali mchana. Linafaa mahali penye kivuli cha nusu siku, pale pembeni mwa mti ambapo jua la asubuhi hugusa.

Katika pembe hiyohiyo ninayo Crossandra nilotica, ambayo jina lake linataja Mto Nile, na ambayo maua yake ya rangi ya machungwa ndiyo wageni wangu huyauliza kwanza. Ninao pia Chlorophytum comosum, ule mmea wa majani membamba yaliyopinda ambao huning'inizwa ndani ya ofisi za mijini duniani kote, na ambao ni mzaliwa wa Afrika ya joto na kusini. Ukiuweka ardhini chini ya mti hutoa shina refu lenye maua meupe madogo, kisha mwishoni mwa shina hilo hutokea vitoto vinavyogusa udongo na kujipanda vyenyewe. Kwa walio katika nyanda za baridi, kama Kabale au Kapchorwa, ningewaonyesha urujuani wa milimani, Viola abyssinica, unaotambaa chini kabisa na ambao kwangu hapa Jinja usingevumilia joto.

Katikati ya zulia hilo napenda kuacha nafasi kwa Scadoxus multiflorus, ua la tunguu ambalo hulala ardhini wakati wa kiangazi na kuchomoza mvua zinapoanza, likiwa duara jekundu la vijiua vingi vilivyosimama kama miali. Tunguu lake ni sumu, kwa hiyo lisipandwe mahali ambapo watoto wadogo au mbuzi huchimbua. Upo na mmea mwingine wa misitu yetu, Pollia condensata, ambao maua yake si ya kujivunia lakini matunda yake ni ya buluu ya kung'aa kupita kiasi. Mwaka 2012 wanasayansi walieleza kwamba rangi hiyo haitokani na rangi iliyomo ndani ya tunda bali na mpangilio wa nyuzi za ngozi yake unaorudisha nuru, na kwamba ndiyo rangi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa katika kiumbe hai. Mtoto akionyeshwa tunda hilo hatalisahau.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Mvua zetu za pili huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, na huu ndio wakati wa kutayarisha. Usiende na jembe. Jembe hukata mizizi midogo ya mti iliyo karibu na uso wa ardhi, na ndiyo inayoulisha. Tumia uma wa shambani au kijiti kilichochongwa, uulegeze udongo kwa kina kidogo tu katikati ya mizizi mikubwa, kisha utandaze mboji au majani yaliyooza kwa unene usiozidi upana wa vidole vitatu. Ukiweka udongo mwingi juu ya mizizi utaikosesha hewa, na ukiurundika kwenye shina, gome litaoza. Nimeuona mfenesi mzuri ukifa hivyo baada ya mwenye nyumba kuujengea duara la matofali na kulijaza udongo hadi goti.

Vipandikizi vya Impatiens na mtikini ni rahisi mno. Kata kipande chenye urefu wa kiganja, kiwe na vifundo viwili au vitatu, ondoa majani ya chini na maua yote, kisha kichomeke kwenye udongo wenye unyevu au kwenye glasi ya maji dirishani. Mizizi huonekana katika muda wa wiki mbili hivi. Panda kwa nafasi ya hatua fupi kati ya mche na mche, na katikati ya miche tandaza majani makavu ya mti huohuo badala ya kuyachoma. Jambo la majani nalitilia mkazo. Tunayafagia, tunayachoma jioni, moshi unaingia nyumbani, halafu tunanunua mbolea. Majani yale ndiyo mbolea, na ndiyo matandazo yanayoupoza udongo hadi miche ikutane. Kwangu ilikutana katika msimu wa pili. Msimu wa kwanza unahitaji subira na kung'oa magugu kwa mkono, na katika kiangazi cha Januari na Februari miche michanga ilinyeshewa jioni mara mbili kwa wiki kwa maji yaliyosuuzia vyombo. Tangu hapo sinyeshei isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu mno, ambapo Impatiens hulegea mchana hadi mtu akadhani imekufa, na kumbe maji kidogo ya jioni huisimamisha tena kabla ya asubuhi.

Majirani zangu waliniuliza maswali mawili, nayo ni ya haki. La kwanza ni nyoka. Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha, na katika ua mwingi wa mjini mahali hapo ni rundo la matofali, kuni au mabati ya zamani. Mimea niliyoitaja kwa sehemu kubwa haipiti goti, na ile ya mbele haipiti kifundo cha mguu, lakini sitamwambia mtu kwamba nyoka hawezi kupita humo. Kwa hiyo nimeacha hatua mbili za udongo uliofagiwa kuzunguka kuta za nyumba, na njia pana ya kufagiwa kutoka mlangoni hadi langoni, na usiku tunatembea na tochi kama tulivyofanya siku zote. Mama, kabla hajafariki, aliuona mpangilio huo na akauridhia, kwa kuwa ufagio wake ulibaki na kazi.

Swali la pili ni mbu. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, wala si katika majani, ingawa mbu aliyekwisha kukomaa hupenda kupumzika mahali penye kivuli na unyevu. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha ile nafasi wazi karibu na madirisha, na ya kuondoa kila kopo na gurudumu linaloweza kukinga maji. Chandarua kinabaki palepale kilipo. Kwa upande mwingine, ule mfereji uliokuwa ukikusanya maji langoni kwangu baada ya mvua haupo tena, kwa sababu maji sasa yanaingia ardhini.

Linalonipa wasiwasi kuliko nyoka na mbu ni jinsi watu watakavyoipata mimea hii. Nisingependa barua yangu imtume mtu Mabira na gunia. Misitu ya hifadhi iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na kuchimba mimea humo bila ruhusa ni kosa, mbali na kwamba tayari misitu hiyo imepunguzwa vya kutosha. Nami sikuchukua kitu siku ile gari lilipoharibika. Mtikini na kongwa nilivitoa kando ya mtaro siku moja kabla ya vibarua kuja kufyeka. Chlorophytum nilipewa na shemeji yangu wa Iganga. Impatiens ya kwanza niliomba matawi matatu kwa mzee mmoja mwenye kijito ndani ya shamba lake, na ile ya magharibi niliipata kwa mwalimu mwenzangu wa zamani anayeiotesha mwenyewe karibu na Fort Portal. Matawi matatu yanatosha kabisa, kwa kuwa katika mwaka mmoja yanaweza kuzaa miche ya kuujaza ua mzima wa nyumba.

Anayetaka kuiona sakafu ya msitu bila kuingia msituni aende Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ambako bado kipo kipande cha msitu wa asili ukingoni mwa ziwa. Aende asubuhi, ainame, aangalie chini. Wengi huenda kupiga picha na miti mikubwa na kurudi bila kujua walichokikanyaga.

Kwa wauzaji wa miche walio kando ya barabara zetu nina ombi la heshima. Ninyi ndio walimu wa bustani wa nchi hii kuliko kitabu chochote, kwa kuwa mteja huamini anachoambiwa palepale. Mtikini na Impatiens huota kwa urahisi kuliko mimea mnayoiagiza kutoka nje, na hamhitaji mtaji ila mfuko wenye mboji na kivuli. Mkiotesha, wateja watanunua, hasa wale wenye miembe na mifenesi ambao sasa mnawauzia nyasi mkijua kwamba watarudi kulalamika.

Kwa viongozi wa jiji letu, ambalo lilipewa hadhi hiyo Julai 2020 na tangu hapo limekuwa likipambwa, nasema kwamba miti mikubwa iliyo kando ya barabara za Jinja ni urithi ambao miji mingi haina. Naona sasa mashina yake yakizungushiwa saruji hadi kwenye gome. Pale ambapo saruji haijawekwa bado, ningeomba paachwe duara la udongo lenye upana wa hatua mbili kila upande, lipandwe mtikini au Crossandra, na wanafunzi wa shule iliyo karibu wapewe jukumu la kuitunza.

Na kwako, Mhariri, nina ombi la mwisho. Tangu Katiba yetu irekebishwe mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, lakini nilipokuwa nikiandika barua hii nimelazimika kutumia Kilatini mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa sababu mimea ninayoikanyaga kila siku haina jina la Kiswahili ninalolifahamu. Majina yako katika Kiganda, Kisoga, Kinyoro, Kikiga, Kilugbara na lugha nyingine, vinywani mwa wazee na waganga wa mitishamba. Ningefurahi kama gazeti lako lingetenga nafasi ndogo kila juma, ichapishwe picha ya mmea mmoja wa kivulini, na wasomaji waombwe kuleta jina walilofundishwa na bibi zao pamoja na matumizi yake. Ukikubali, naomba uanze na ile Impatiens yenye maua ya mdomo wa kasuku. Mwalimu mwenzangu wa Fort Portal anasema mama yake alikuwa na jina lake, naye ameahidi kwenda kumuuliza shangazi yake kabla mvua hazijaanza.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Jinja